Kipimo kimesema paka wangu ana virusi vya leukemia. Je, niamini?

Swali: Shikamoo daktari. Nimeokota paka mdogo, nakadiria ana miezi minne. Anakula vizuri na anacheza. Kabla sijamchanganya na paka wangu wawili wakubwa nilimpeleka kliniki, wakamtoa tone la damu, na kipimo cha haraka kikaonyesha ana virusi vya leukemia ya paka (FeLV). Nimeshauriwa achomwe sindano ya kumuua asije akawaambukiza wenzake. Kipimo hicho kinaweza kukosea? Na watoto wangu wako salama?

Jibu: Marahaba. Tafadhali usikubali sindano hiyo kwa jibu la kipimo kimoja, tena kwa paka asiye na dalili yoyote.

Kipimo alichofanyiwa kinatafuta protini ya kirusi chenyewe, iitwayo p27, ndani ya damu. Hakitafuti kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, kwa hiyo chanjo ya FeLV au maziwa ya mama hayawezi kukichanganya, na paka hupimwa akiwa na umri wowote. Ni kipimo kizuri. Shida iko kwenye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya paka 100 wenye afya mmoja ndiye ameambukizwa, na kipimo kinakosea kwa wawili ambao ni wazima. Utapata majibu chanya matatu, na mawili kati yake ni ya uongo. Kwa paka aliyekonda, mwenye upungufu wa damu na uvimbe wa tezi za limfu, ningeliamini jibu lilelile kwa haraka zaidi.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito. Hata kama kirusi kimo kweli, paka wengine hupambana nacho, protini ikatoweka kwenye damu baada ya wiki kadhaa. Vinasaba vya kirusi hubaki vimejificha kwenye uboho, lakini paka huyo kwa kawaida haambukizi wenzake na anaweza kuishi miaka mingi. Hapaswi kamwe kutoa damu kwa paka mwingine, na dawa zinazoshusha kinga, kama steroidi, apewe kwa tahadhari kubwa. Walioshindwa kukidhibiti ndio wanaoumia: wengi wao hufa ndani ya miaka mitatu hivi, kwa saratani ya tezi za limfu, upungufu wa damu au magonjwa nyemelezi.

Kwa hiyo mwombe daktari wako arudie kipimo cha p27 kwa kutumia seramu (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) na kifaa cha kampuni nyingine, au sampuli ipelekwe maabara. Kama kuna maabara inayofanya PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ifanyike pia. Kisha apimwe tena baada ya wiki sita hivi. Wakikuambia watapima mate au machozi, kataa. Sampuli hizo haziaminiki.

Wakati mnasubiri, mtenge chumbani na vyombo vyake. FeLV husafiri hasa kwa mate, kwa kulambana, kula bakuli moja na kung'atana, lakini nje ya mwili hakidumu. Sabuni ya kawaida inakiua. Wapime na hao wawili. Kama walishakutana naye, jibu hasi la leo halitoshi, warudie angalau siku 30 tangu walipoonana mara ya mwisho. Wakiwa hasi, wachanjwe.

Watoto wako wasikutie hofu. Hakuna ushahidi kwamba FeLV humwambukiza binadamu.

Ikithibitika anacho, bado anaweza kuwa na maisha mazuri: akae ndani bila kuchangamana na wasioambukizwa, ahasiwe, asipewe nyama mbichi, na apimwe afya kila miezi sita. Sindano ile tutaizungumza siku atakapokuwa anateseka na hakuna dawa ya kumsaidia.