Mchele wa Kyela na saa za majina ya kale: kupima bei kabla ya kulipa

Simama soko la Mwanjelwa, Mbeya, mbele ya magunia ya mchele uone: karibu kila muuzaji anao wa Kyela, mchele wenye sifa. Gunia ni la Kyela, mwenye gunia anaapa ni wa Kyela, na bei ni ya Kyela kweli. Mama anayejua mchele habishani naye. Anachota kiganja, ananusa, anatafuna punje mbili, ndipo anauliza bei. Kwenye saa za mkono zenye majina ya kale yaliyofufuliwa, wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanasoma "tangu mwaka fulani" kwenye uso wa saa, wanalipa, na kunusa kunakuja baadaye kwa fundi.

Makala hii ni ya mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe ambaye kahawa au parachichi imemlipa na anataka saa moja nzuri ya kudumu. Ni ya mwenye duka wa Uhindini mjini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa pia, aliyeambiwa kwamba saa hizi zina faida kuliko za betri.

Jina limefufuka mikononi mwa nani

Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliitoa sokoni Astron, saa ya mkono ya kwanza kuongozwa na fuwele ya kwatzi, yaani saa ya betri. Miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilivyotengeneza saa za kujaza vilifungwa au kumezwa na vingine. Mitambo ya viwandani iliuzwa chakavu, mafundi wakaenda kutafuta kazi nyingine, na mara nyingi kilichobaki ni jina tu kwenye daftari la alama za biashara. Jina la namna hiyo huuzwa kama kiwanja kisicho na nyumba. Mnunuzi wake anaweza kujenga ghorofa, anaweza pia kusimamisha kibanda na kukodisha kwa bei ya ghorofa.

Blancpain ni jina linalorudi nyuma hadi 1735. Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walilinunua likiwa limelala, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa chini ya faranga 25,000 za Uswisi. Mwaka 1992 likauzwa kwa kundi ambalo leo linaitwa Swatch Group, kwa makumi ya mamilioni. Wengi wakisikia habari hii hudhani jina ndilo lililozaa fedha. Wanasahau kwamba nyuma ya jina kulikuwa na kiwanda cha familia ya Piguet, kinachotengeneza mashine za saa, yaani mitambo ya ndani inayoendesha mishale, nyembamba na ngumu kuunda. Bila kiwanda hicho, 1735 ingebaki tarakimu.

A. Lange & Söhne ya Glashütte, Ujerumani, ilianzishwa 1845 na ikataifishwa 1948. Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, aliisajili upya tarehe 7 Desemba 1990, lakini saa nne za kwanza zilionyeshwa tarehe 24 Oktoba 1994. Karibu miaka minne bila kitu cha kuuza! Walikuwa wakibuni mashine zao wenyewe, na hadi leo kila mashine huunganishwa, hufunguliwa, kisha huunganishwa mara ya pili. Walianza na bei ya juu siku ya kwanza na hawakulazimika kuomba radhi.

Upande mwingine wapo wanaofufua sura. Nivada Grenchen, iliyorudi sokoni 2020, hutoa upya maumbo ya saa zake za miaka ya 1960 kwa kutumia mashine za kununua kutoka viwanda vingine. Hakuna ubaya, mradi bei ikiri hivyo. Favre-Leuba ya 1737, jina lililopendwa sana India, ilinunuliwa na Titan, kampuni ya saa ya kundi la Tata la India, mwaka 2011, kisha ikaenda kwa Ethos, wauza saa wa India, ambao waliizindua upya 2024. Jina likihama hivyo, uliza kama spea za zamani na kumbukumbu za kiwanda vimehama nalo. Kama havikuhama, historia unayouziwa ni ya mtu mwingine.

Kumenya bei

Chukua saa ya kujijaza yenyewe, chuma cha pua, kipenyo milimita 38, bei ya dukani Uswisi faranga 1,800. Namba zifuatazo ni mfano wa kukadiria, lakini uwiano wake hauko mbali na biashara ilivyo.

Ondoa kwanza VAT ya Uswisi ya asilimia 8.1: zinabaki kama 1,665. Mwenye duka akichukua asilimia 40, kampuni inabaki na 999. Sasa gharama za saa yenyewe: mashine 200, kasha la chuma la saa 120, uso na mishale 80, kioo cha safaya 15, mkanda 30, kuunganisha na kupima 60, kifungashio 20. Jumla 525. Zinazobaki, 474, ni za mishahara, matangazo, waranti na faida.

Hesabu hiyo ni ya haki. Sasa iangalie saa ileile, mashine ileile, inauzwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni bila duka lolote katikati, na bei bado ni 1,800. Zile faranga 666 za mwenye duka zimekwenda wapi? Hapo ndipo jina linapojilipa. Kwa maoni yetu, saa ya mashine ya kununua inayouzwa bila duka ikipita faranga 1,200, muuzaji ana deni la maelezo.

Mashine ndiyo punje ya kutafuna, kwa hiyo usikubali jibu la "ni ya Kiswisi". Taka namba. Sellita SW200-1 ya Uswisi ina mawe 26 (vito vidogo vya kupunguza msuguano), hupiga mara 28,800 kwa saa na hukaa na nguvu kati ya saa 38 na 41. Miyota 9015 ya Japani ina mawe 24, mapigo hayohayo, saa 42. Seiko NH35 hupiga mara 21,600, ina mawe 24, hukaa saa 41, na hupatikana rejareja kwa dola 40 hadi 60. Zote ni mashine nzuri. Ila ukikuta NH35 ndani ya saa ya dola 1,500 kwa sababu usoni kuna jina la babu, rudisha mezani. Jihadhari pia na kampuni inayobandika namba yake juu ya mashine ya Sellita na kuiita "kaliba yetu", yaani mashine yetu. Kama rota pekee, kile kibati kinachozunguka na kuijaza saa, ndiyo iliyochongwa jina, mashine haijawa yao.

Maandishi ya Swiss Made nayo yana mipaka. Tangu 1 Januari 2017 sheria inataka angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji ziwe za Uswisi, mashine iwe ya Kiswisi, na saa ifungwe na kukaguliwa hukohuko. Asilimia 40 inaweza kutoka kokote, na mara nyingi kasha na uso hutoka Asia. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kina uzito zaidi: mashine hupimwa siku 15, katika mikao mitano na joto la nyuzi 8, 23 na 38, na wastani wa mwendo wake kwa siku lazima uwe kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6. Hapo kuna kazi ya mtu, na kazi hulipiwa.

Vitu vya kutolipia: rangi ya kung'aa gizani iliyopakwa kahawia ili ionekane imezeeka, na "toleo la vipande 1,931" lililopewa idadi inayofanana na mwaka. Toleo dogo lina thamani pale tu wanaolitaka wanapozidi vipande vilivyopo.

Bei iliyoombwa na bei iliyolipwa

Kabla ya kununua, ingia masoko ya saa zilizotumika kama Chrono24 na utafute modeli ileile. Kosa la kawaida ni kuchukua bei zilizotangazwa kama ushahidi. Hizo ni ndoto za wauzaji. Tafuta angalau bei tano za saa zilizouzwa kweli katika miezi sita, zenye boksi na karatasi zake. Ukikuta saa isiyovaliwa inauzwa kwa asilimia 80 au zaidi ya bei ya dukani, bei imesimama. Ikiwa ni asilimia 50, soko limeshamenya jina na kulitupa, na wewe unaombwa ulilipie upya.

Majina yaliyofufuka huanguka hivi: yanatoka na bei ya juu kupita kazi yao, saa hazitoki, mwaka wa pili zinaonekana kwenye tovuti za punguzo kwa nusu bei, na aliyelipa kamili hasahau. Kupandisha bei taratibu kazi ikionekana kunawezekana. Kushusha hadharani ni karibu na kulizika jina mara ya pili.

Kwa anayeagiza kutoka nje, bei ya tovuti si bei ya Mbeya. Kwa kawaida, mzigo unaotoka Uswisi kwenda nje hauna VAT yao, kwa hiyo dai iondolewe kwenye ankara. Kisha kuna usafiri na bima, ushuru wa forodha, na VAT yetu ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya jumla ya thamani, usafiri na ushuru, si juu ya bei ya saa peke yake. Mpe wakala wa forodha ankara ya awali akupigie hesabu kabla hujatuma fedha. Kuandika thamani ndogo kwenye ankara ili kukwepa kodi ni kosa la kisheria, tena kuna hasara nyingine: mzigo ukipotea, bima italipa hiyo thamani ndogo.

Fundi wa hapa ataifungua?

Swali hili lina uzito kuliko mwaka ulioandikwa usoni. SW200 ilifuata muundo wa ETA 2824-2, mashine iliyosambaa dunia nzima, hivyo spea zake hupatikana na fundi mzuri anaijua. NH35 ikichoka, wengi huitoa nzima na kuweka mpya. Mashine iliyobuniwa na kampuni yenyewe kwa kawaida hulazimika kurudi Ulaya. Hapo weka akilini gharama ya usafirishaji kwenda na kurudi kila miaka mitano hivi, pamoja na miezi ya kusubiri.

Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia mwendo, hata kama saa ni mpya. Ijazwe kikamilifu, ilazwe uso juu. Mzungusho wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, uwe kati ya nyuzi 270 na 310. Ukishuka chini ya 220, mafuta yamekauka au kuna uchafu. Tofauti ya pigo la kushoto na la kulia iwe chini ya milisekunde 0.8. Hakikisha fundi ameweka kwenye kipimo pembe sahihi ya mashine husika (lift angle), kwa nyuzi: 50 kwa SW200, 51 kwa 9015, 53 kwa NH35. Pembe ikikosewa, saa yenye afya itasomeka mgonjwa. Saa ikianza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imenasa sumaku ya spika au kifuniko cha simu. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache, usikubali kulipishwa usafishaji.

Baridi yetu ina mtihani wake. Ukitoka kwenye ukungu wa Makete au Njombe mwezi Juni na kuingia chumba chenye jiko, ukaona mvuke ndani ya kioo, mpira wa kuzuia maji umechoka au kitufe cha kujazia hakikukazwa. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo ifunguliwe ikaushwe. Kuizika kwenye mchele hakusaidii, hata ukiwa wa Kyela. Maandishi ya "mita 30" nayo yana maana ya manyunyu, si ya kuogelea ziwani Matema.

Tarehe usiibadilishe kwa mkono mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana meno ya tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja. Shusha kwanza mishale hadi saa kumi na mbili, mshale mfupi ukielekea 6 chini, ndipo ubadilishe.

Kwa mwenye duka

Usinunue vipande kumi kwa mkupuo eti upate punguzo. Anza na vitatu, na kama msambazaji anakubali mali kauli, chukua kwa mali kauli, kwa maandishi. Muulize mambo mawili: je, naye anauza mtandaoni kwa wateja walewale, na akishusha bei atakufidia kwa zilizobaki kabatini? Asiyejibu la pili anakuandalia hasara. Faida ya asilimia 40 inaonekana nono kuliko ya saa za betri, lakini saa ya betri inatoka kila siku na hii inaweza kukaa miezi minane ikiwa imeshikilia mtaji.

Mteja akiomba kupunguziwa, na ataomba, usiguse bei ya saa. Mpe mkanda wa ngozi wa ziada, au usafishaji mmoja bure baada ya miaka mitano kwa fundi mliyekubaliana naye. Ukishusha kwa mmoja, mji mzima utajua kabla ya Ijumaa.

Na kwa kuwa unanunua kwa faranga na kuuza kwa shilingi, kila profoma (ankara ya awali) unayotoa iandike muda wa mwisho wa bei; siku 14 zinatosha. Mteja akirudi siku ya 40 na karatasi ileile, mpigie hesabu upya mbele ya macho yake, kwa kiwango cha benki cha siku hiyo.