Dada wa Sakina, subira haikuzuii kudai hela yako

Msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, anayeoka keki za sherehe, ameniandikia kwamba nikitaja subira anapandwa na hasira, maana hiyo subira ndiyo imewafanya wateja wamkope na kupotea. Nakuelewa, dada. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi. Kukopwa nakujua.

Disemba, watu wanapopanda kutoka Dar kuja kula sikukuu, mama mmoja alinipa kazi ya sare za mashangazi kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Alitanguliza nusu ya hela. Siku ya kuchukua alishika gauni la kwanza, akaligeuza ndani nje, akakwangua pindo kwa ukucha mpaka uzi ukatoka, akatangaza mbele ya wateja wangu kwamba ni kazi ya kitoto na ile nusu inanitosha. Usiku akatuma sauti kwenye grupu la kamati kwamba nimewaharibia vitambaa. Mimi, ambaye mabibi harusi wa mji huu wananipangia foleni! Maneno yale yananichoma hadi leo.

Kilichoniokoa ni kisa nilichosimuliwa na mteja wangu wa Sri Lanka, Mbudha, ambaye akishuka Dar husali kwenye hekalu lao la Upanga. (Mimi ni Mlutheri na nitabaki Mlutheri, msinitumie tena meseji za kunionya.) Kwa Wabudha wa Theravada, dhehebu lao huko Sri Lanka, subira ni moja ya fadhila kumi ambazo mtu huzikuza maisha yake yote. Buddha, mwanzilishi wa dini yao, aliwasimulia watawa wake habari za Vedehika, mama wa mji wa Savatthi huko India, aliyesifika kwa upole. Kijakazi wake, Kali, akajiuliza: huyu ni mpole kweli, au ni kwa sababu kazi zake nazifanya vizuri? Akaanza kuchelewa kuamka makusudi. Siku ya kwanza bibi alinuna, ya pili akafoka, ya tatu akampasua kichwa kwa komeo la mlango. Sifa zote zikaishia hapo.

Nilimkumbuka Vedehika nikiwa na simu mkononi, kidole kimeshagusa alama ya kurekodi. Nikaiweka chini, nikarudi kwenye vifungo. Asubuhi nikampigia yeye mwenyewe: "Shikamoo mama. Magauni yaliyobaki ninayo, yamepigwa pasi. Ukija na salio utayachukua." Akanitukana. Nikayarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Jioni hela ikaja, yote.

Wiki iliyopita kaleta kitambaa cha kipaimara cha mjukuu wake. Radhi hajaomba. Nimekipokea.

Kwa hiyo dada, upole wa siku ambayo wateja wote wamelipa usijihesabie. Anayekukosea ndiye anayekupima. Ukitukanwa usiku, usijibu usiku. Vuta pumzi, endelea na kazi iliyo mkononi. Kukipambazuka mtafute mhusika peke yake, grupu liache, umtajie kiasi chako bila kupunguza hata shilingi. Akifoka, kitaje tena. Tuache kujisifu wapole huku tunanung'unikia madeni jikoni! Na keki isitoke mlangoni kabla salio halijaingia kwenye simu yako; kumwambia mteja hivyo ukiwa umetulia ni sehemu ya hiyohiyo subira.