Maswali ya Wasomaji: Ramani katika Darasa la Ugavi

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mhadhiri wa ununuzi na ugavi katika chuo kimoja jijini Mbeya. Tumetakiwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani programu za kuchora na kuchambua ramani. Tuna kompyuta 20 kwa wanafunzi 80, na leseni ya programu tuliyokuwa tukiitumia imekwisha muda wake. Muhula uliopita nilianza na matumizi ya programu, kitufe baada ya kitufe, na mwishoni wanafunzi walichora ramani za kupendeza ambazo hakuna aliyeweza kunieleza zinamsaidia nani. Nianzie wapi? — *Mhadhiri, Mbeya*

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wa ugavi hakuja chuoni kuwa mchora ramani, amekuja kujifunza kuamua ghala likae wapi, lori lipite wapi na mzigo ufike lini. Anza na uamuzi, programu ifuate. Siku ya kwanza usiwashe kompyuta hata moja. Bandika ukutani ramani ya karatasi na uwaulize dawa za Kilindoni, kisiwani Mafia, zitasafirishwaje kutoka Dar es Salaam. Wengi watapima kwa rula, mstari mmoja ulionyooka juu ya bahari. Atakayejua kwamba kuna njia ya kushuka kwanza kwa barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvuka kwa boti kutoka huko, atakuwa amewafunza wenzake tofauti kati ya umbali wa rula na umbali wa njia vizuri kuliko mhadhara wa saa mbili.

Leseni isikunyime usingizi. QGIS ni programu huria ya ramani isiyolipiwa, nayo hufanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Barabara mtazipata bure OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni; kwa Dar es Salaam zimechorwa kwa kina, kwa sehemu kutokana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, ambao uliwaingiza wanafunzi wa vyuo vikuu mitaani kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Wagawe wanne wanne kwa kila kompyuta, na anayeshika kipanya abadilike kila zoezi, la sivyo mmoja atajifunza na watatu watatazama.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni kwenye jedwali la latitudo na longitudo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 6 na dakika 48 kusini, nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, yaani −6.8 na 39.28 kwa desimali, kwani kila nyuzi ina dakika 60. Mwanafunzi akisahau alama ya kutoa, ghala lake linahamia Ethiopia. Akigeuza namba hizo mbili, linaibukia Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Akiandika dakika kana kwamba ni desimali, −6.48 na 39.17, ghala linazama baharini kati ya Bagamoyo na Unguja. Wape jedwali ulilolichafua kwa makusudi na uwaache walisafishe wenyewe kabla ya kuchora chochote. Watacheka, lakini hawatasahau.

Nadharia ya makadirio ya ramani, yaani jinsi dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye karatasi bapa, ifupishe. Inatosha wajue kwamba longitudo ya 36 inaigawa sehemu kubwa ya nchi katika kanda mbili za UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita badala ya nyuzi), Morogoro ikiwa kanda ya 37 na Dodoma pamoja na Mbeya yenu kanda ya 36, ili wasipime umbali wa safari nzima kwa kanda moja. Mengine waachie wapima ardhi.

Kisha waingize muda. Kila kundi lipange kasi ya lori kwenye lami, changarawe na udongo, mara moja kwa kiangazi na mara moja kwa masika, na litetee namba zake mbele ya dereva wa fuso utakayemwalika darasani. Dereva huyo atawauliza pia kuhusu foleni ya mpakani Tunduma, ambayo haionekani kwenye tabaka lolote la barabara katika ramani. Katika mtihani usisahihishe rangi za ramani. Dai barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa ghala, inayosema afanye nini na kwa nini, ramani ikiwa kiambatisho.

Swali: Je, simu yangu inatosha kuchukua mahali ghala lilipo, au ni lazima chuo kininunulie kifaa cha GPS? — *Mwanafunzi, Moshi*

Jibu: Inatosha. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita chache tu, na kwa kazi ya ugavi hilo si neno. Usipime ukiwa ndani chini ya bati; toka nje, subiri namba zitulie. Tena usisimame mlango wa ofisi, simama kwenye geti ambalo malori huingilia, kwani maghala mengine geti hilo liko barabara ya nyuma kabisa.