Usifunge duka kwa sababu hiyo

Dada yangu, umeuliza kama ufunge duka lako la vitambaa Kariakoo uingie kwenye huduma, maana unaona biashara haimpi Mungu utukufu. Usifunge kwa sababu hiyo. Yesu alisema amemtukuza Baba kwa kuimaliza kazi aliyopewa (Yohana 17:4), na kabla ya kuhubiri alijulikana kama seremala. Paulo naye alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na kila sabato akihubiri kwenye sinagogi. Basi pima kitambaa kwa haki, msaidizi wako mlipe kwa wakati, na mgeni asiyejua bei umtajie ileile ya wengine. Hapo ndipo wengi tunakwama, si madhabahuni! Wito wa uchungaji ukiwepo kweli, wazee wa kanisa wanaokujua watauona pia, waombe wakuombee.