Mstari wa Wakati Si Kamba ya Kuanikia Nguo

Wadogo zangu walimu wa mazoezi, wiki hii nimekaa nyuma ya madarasa matatu ya Historia, na mara zote tatu nimekutana na manila ile ile: mstari ulionyooka, rangi za kupendeza, na matukio yaliyotundikwa kwa nafasi sawasawa kama shati, kaptura, shati. Maandalio yenu ya somo hayakuwa na kasoro, lakini nilitamani kuinuka niichane manila. Nilijizuia kwa sababu nami niliwahi kuitundika.

1. Chagueni kipimo kabla ya kushika kalamu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwachorea Darasa la Sita mikataba ya Carl Peters 1884, Majimaji 1905, TANU 1954, Uhuru 1961, Jamhuri 1962 na Azimio la Arusha 1967, kila tukio likiwa sentimita nane kutoka kwa jirani yake, kwa kuwa manila ilienea na ilipendeza. Mwalimu wa taaluma alikuwa ameketi nyuma. Nilipokaribisha maswali, binti mmoja wa dawati la mbele, rula mkononi, alitaka kujua kwa nini Kinjeketile, kiongozi wa Majimaji, hakujiunga na TANU, ilhali vita vyake vilipakana na chama hicho kama Uhuru ulivyopakana na Jamhuri. Darasa halikucheka, lilisubiri jibu. Nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba pengine alikuwa ameshazeeka. Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, karibu miaka 49 kabla ya TANU kuzaliwa, na nilikuwa nimelifundisha hilo mwenyewe wiki mbili nyuma. Binti alifungua daftari, akaisoma tarehe aliyoinakili kutoka ubaoni kwangu, kisha akanitazama kwa huruma ambayo hadi leo sijaizoea. Mwalimu wa taaluma hakusema neno. Jioni nilikuta rula juu ya rundo la madaftari niliyokuwa sijayasahihisha.

2. Kwa sentimita 1 kwa kila miaka 2, kuanzia 1884 hadi 1967 ni sentimita 41.5, na manila moja inatosha. Uhuru na Jamhuri zitabanana: andikeni moja juu ya mstari na nyingine chini yake, wala msisogeze tarehe. Pengo refu kabla ya 1954 msilionee haya, maana wanafunzi wataliuliza, nanyi mtapata pa kuiingiza African Association ya 1929, chama kilichoitangulia TANU.

3. Majimaji yalipiganwa hadi 1907, hivyo yachoreeni kipande, si nukta.

4. Mwaka sifuri haupo. Kutoka 5 KK hadi 5 BK ni miaka 9. Mwaka jana niliuliza hesabu hiyo wakati wa chai, na mwalimu wa Hisabati akajibu kumi kabla hajameza andazi. Tulibishana hadi kengele ikalia, akaondoka na chaki yangu kwenda kuthibitisha.