Yao Ming na lile bakuli la supu

Mmeuliza wiki hii: ni mwanamichezo gani aliyeigiza na kazi yake ikakugusa? Najua wengi watamtaja Johnny Weissmuller, muogeleaji wa Marekani mwenye dhahabu 5 za Olimpiki aliyekuja kuwa Tarzan. Haya. Mimi namtaja Yao Ming, yule Mchina wa Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwenye urefu wa mita 2.29.

Uigizaji wake ni wa nukta chache tu. Kwenye tangazo la WildAid, shirika la kutetea wanyamapori, yuko mgahawani, mbele yake supu ya mapezi ya papa, naye analisukuma bakuli pembeni. Basi! Sisi wa Bagamoyo tunajua supu ile inaanzia wapi. Papa akishushwa, mapezi hayaendi na nyama: yanakatwa, yanaanikwa, yana mnunuzi wake, na bei yake haitajwi kwa sauti. Nyama ndiyo inayobaki kwetu, ikatiwa chumvi, ikakaushwa, ikaungwa nazi. (Nami siachi, papa mkavu kwa ugali ni wangu.)

Alipoahidi hadharani mwaka 2006 kuacha supu hiyo, kwao ilikuwa ya harusi na ya wakubwa. Kuikataa ni sawa na mtu wa hapa kwenda harusini akasusa pilau. Mwaka 2013 serikali ya China ikaiondoa kwenye dhifa zake. Sisemi ni kwa sababu yake peke yake.

Mwaka 2012, akiwa ameshastaafu, akaja Kenya, akasimama mbele ya mzoga wa tembo aliyeuawa kwa ajili ya pembe. Tanzania wakati huo tulikuwa tunateketea: mwaka 2009 tembo walizidi 100,000, kufika 2014 wamebaki kama 43,000. Na mji wetu huu ulinenepa kwa pembe hizohizo, enzi za misafara ya Tabora na Ujiji. Mwisho wa 2017 China ikafunga biashara hiyo nchini mwake.

Ninachompendea ni kwamba alisema na mlaji. Huku kwetu, kila mkutano wa uhifadhi anasemwa mvuvi na jangili, mnunuzi haguswi. Wasanii wetu wa Bongo Movie wangeanza na samaki wanaovuliwa kwa baruti: mama ambonyeze samaki, aone nyama imelegea na uti umevunjika, amrudishie mchuuzi mbele za watu. Hilo halihitaji hata nusu dakika.