Kumlipa mtoto kwa kila bao: kunaongeza ari au kunaiua?

Kunaiua, ila polepole. Mwanzoni mabao yanaweza kuongezeka, kisha mtoto anaanza kupiga mashuti hata pasipo na pembe, pasi hatoi, kurudi kukaba ndiyo kabisa. Ukisitisha malipo, hamu inashuka.

Wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walilipima hili mwaka 1973 kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa zawadi mapema, baadaye zawadi ilipoondolewa, walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. (Ni kuchora, si mpira, lakini makocha wa watoto wanaijua sura hiyo vizuri.) Kwa hiyo soda baada ya mechi haina neno, tatizo ni bei iliyopangwa kabla.

Ukitaka kusifu, sifu anachokimudu mwenyewe: kukaba, kuomba mpira, kuthubutu mguu wa kushoto. Ufundi mwachie kocha, hasa njiani kurudi nyumbani baada ya kufungwa, maana hapo mtoto anasikia lawama tu. Pesa hiyo ya mabao inunulie viatu vinavyomtosha.